Muhuri wa Baba

Muhuri ulikaa kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati la vyombo, pamoja na pedi ya wino wa bluu na kalamu mbili ambazo sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa. Baba alikuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa vipindi viwili, kuanzia 2009 hadi 2019. Ofisi ya mtaa ilikuwepo, chumba kimoja chenye bendera na benchi la kusubiria, lakini watu walikuja nyumbani. Walikuja alfajiri kabla hajanywa chai, walikuja usiku tumeshafunga mlango. Mmoja anataka barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, mwingine amdhamini kijana wake polisi, mwingine mpangaji amegoma kuhama. Baba alisikiliza, aliandika, kisha akanituma: "Lete kopo."

Nilikuwa mkubwa nilipoelewa jinsi kopo lile lilivyokuwa karibu mamlaka yake yote.

Jiji letu limepangwa kama sufuria zinazoingiana. Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya, wilaya ina manispaa yake, manispaa ina kata, kata ina mitaa. Diwani anachaguliwa na watu wa kata, anakaa kwenye baraza la manispaa, na madiwani wanamchagua meya miongoni mwao. Lakini mkurugenzi, anayeshika utendaji na fedha, anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya vilevile. Chini kabisa, mwenyekiti wa mtaa anapigiwa kura na majirani zake, halafu anafanya kazi pembeni ya mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na ana mshahara. Mwenyekiti hana mshahara. Baba alipata posho kidogo, ilipokuja.

Kwa hiyo aliyechaguliwa kwa karibu zaidi na wananchi ndiye mwenye kidogo zaidi mkononi. Hawezi kuchimba mtaro. Hawezi kupima kiwanja wala kutoa hati. Anachoweza ni kusema: huyu namfahamu, anaishi kwetu. Na kugonga muhuri.

Mtaa wetu unaishia kwenye kijito. Ni kimoja cha vijito vinavyomwaga maji yake mto Msimbazi, na kwa miezi mingi ya mwaka unaweza kukivuka bila kuvua viatu. Ng'ambo ni mtaa mwingine, na kata nyingine. Takataka zikijaa kijitoni, kila upande ulisema ni za wenzao. Mvua za masika zikila kingo, mpaka ulisogea, na niliwahi kumsikia Baba akibishana na mwenyekiti mwenzake kuhusu choo ambacho mwaka uliotangulia kilikuwa upande wetu.

Ardhi ya kando ya kijito ilikuwa ya bei nafuu. Mzee mmoja aliyekuwa akilima mchicha na matembele pale alianza kuiuza vipande vipande. Wanunuzi walikuwa watu waliochoka kupanga. Mwaka 2013 alikuja mama tuliyemfahamu sote, muuza vitumbua wa kona ya stendi. Alikuwa na shilingi milioni mbili, alizozikusanya kwenye vikoba kwa miaka ambayo yeye mwenyewe aliacha kuihesabu. Walikaa sebuleni kwetu: mama, mzee wa mchicha, mashahidi wawili wawili. Mkataba wa mauziano uliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari. Baba alinituma kopo. Nikalileta. Nakumbuka yule mama akipuliza wino ili ukauke, taratibu, kama anayepuliza uji wa mtoto.

Mtaani kwetu kulikuwa na desturi: anayenunua kiwanja huacha asilimia kumi kwa serikali ya mtaa. Hakuna sheria niliyoonyeshwa inayosema hivyo. Hakuna aliyeuliza. Asilimia kumi ya milioni mbili ni laki mbili. Sehemu ilikwenda kwenye matengenezo ya paa la ofisi, na sehemu ilibaki mezani kwetu.

Mwezi uliofuata nilikwenda kuanza kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Nilikuwa na sanduku jipya la chuma, godoro, ndoo na jozi mbili za viatu vyeusi. Sikuuliza vimetoka wapi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijua kabisa.

Watu wazima wote waliokaa sebuleni siku ile walikumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu arobaini jijini na kuwaacha wengine bila makazi hadi serikali ikawagawia viwanja Mabwepande. Na sheria ilikuwepo tayari: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita sitini kutoka kingo za mto. Kiwanja cha mama wa vitumbua kilikuwa mita kumi na tano kutoka majini. Nimezipima baadaye, kwa hatua zangu mwenyewe.

Desemba 2015 bomoabomoa ilianza bonde la Msimbazi. Tuliiona kwenye taarifa ya habari, tukasema poleni. Wiki chache baadaye walifika kwetu watu na kopo la rangi nyekundu. Nilikuwa nyumbani siku mama wa vitumbua alipokuja na mkataba wake ndani ya mfuko wa nailoni. Hakupiga kelele. Aliutandaza mezani, akaweka kidole juu ya muhuri.

"Mwenyekiti, hii bluu si yako?"

"Ni yangu."

"Sasa hii nyekundu ukutani kwangu ya nani?"

Baba alimweleza kwamba yeye ni wa mtaa, wale wametoka juu. Kwamba yeye alishuhudia tu watu wawili wakikubaliana, hakugawa ardhi.

"Siku ile hukuniambia hivyo."

"Hukuniuliza, mama."

Mama yangu, aliyekuwa jikoni, aliacha kukwangua nazi. Mgeni alikunja karatasi yake, akaaga vizuri, akaondoka. Vyumba vyake viwili vilibomolewa baada ya wiki mbili. Fidia haikuwepo, maana kwa mujibu wa karatasi za huko juu hapakuwa na nyumba ya kufidia.

Kwa muda mrefu nilimtetea Baba. Nilijiambia angekataa kugonga, mzee angeuza vilevile, na mama angekosa hata shahidi. Ni kweli. Nilijiambia manispaa yenyewe ilikuwa kubwa mno kuona kijito chetu: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,775,049 katika Kinondoni peke yake, na sisi tulikuwa ndani yake. Hiyo pia ni kweli. Lakini Baba hakuhitaji manispaa ili kujua maji yanapita wapi. Alizaliwa hapa. Sentensi moja ingetosha: "Mama, karatasi hii haikupi ardhi, na hapa maji yatakuja." Sentensi hiyo ilikuwa na thamani ya laki mbili, na mimi nililala juu ya godoro lake miaka miwili.

Kisha mipaka yenyewe ikahama. Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni ikawa wilaya na manispaa yake, kama Kigamboni ilivyokatwa kutoka Temeke. Zamani kuifuata serikali kulimaanisha kupanda daladala kwenda Magomeni, kuelekea mjini. Sasa tunageuka upande wa pili, kuelekea Kibamba. Muhuri wa Baba, wenye jina la Manispaa ya Kinondoni, haukufaa tena. Alipewa mwingine. Ule wa zamani hakuutupa, ulibaki kwenye kopo. Februari 2021 Rais Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Marafiki walitaniana mtandaoni nani sasa ni mtu wa jiji na nani si wa jiji. Kwetu kijito kilikuwa palepale.

Mwaka 2022 nilikuwa na shahada na sina kazi. Operesheni ya anwani za makazi ilihitaji vijana wa kupita nyumba kwa nyumba na simu, kuandika jina la barabara na namba ya kila jengo. Nikapata nafasi, katika mtaa wetu wenyewe. Siku ya nne nilifika kijitoni.

Alikuwa amerudi. Chumba kimoja cha matofali, palepale, kikiwa kimeinuliwa kidogo kwa mawe na viroba vya mchanga. Nilimwamkia, akaniitikia, akanitazama sana.

"Wewe si wa Mwenyekiti?"

"Ndiyo, mama."

Alinipa kigoda. Alitaka kujua namba ni ya nini. Nilianza kutoa maelezo tuliyofundishwa: huduma za dharura, vifurushi, maendeleo. Akanikatiza.

"Ukinipa namba, ina maana serikali imenitambua hapa?"

Nilikuwa na simu mkononi, na ningeweza kusema "ndiyo" kwa namna ambayo isingekuwa uongo kamili. Nililipwa kwa kazi ya kuandika, si ya kueleza. Badala yake nikaiweka simu chini. Nikamwambia namba inasema jengo liko wapi, haisemi ni la nani. Si hati. Haizuii mtu wa rangi nyekundu. Nikamwambia habari ya mita sitini, na sheria ni ya mwaka gani, ili aweze kuitaja akienda kuuliza ofisini. Nikamwambia pia kuhusu sanduku la chuma na godoro. Hilo sikuwa nimelipanga.

Alinyamaza kiasi cha kunifanya nisikie maji.

"Nilijua," alisema. "Ungeona ulivyopita kwenye kona yangu na lile sanduku kichwani. Lilikuwa linang'aa." Kisha akasema, "Andika namba. Mvua ikija wajue pa kunitafuta."

Nikaandika.

Jioni nilimweleza Baba. Hakuwa mwenyekiti tena, alikuwa mzee aliyekaa kibarazani na redio. Nilimweleza yote, pamoja na la sanduku. Alipunguza sauti ya redio lakini hakuizima.

"Ulimwambia si hati?"

"Nilimwambia."

"Akakuelewa?"

"Alielewa, Baba."

Alikaa kimya mpaka taarifa ya habari ikaisha. Halafu akauliza ni namba ngapi, nikamtajia, akairudia polepole mara mbili, kama alivyokuwa akirudia majina ya watu kabla ya kuniambia nilete kopo.