Nasaha kwa Mpwa Anayetaka Subaru ya Tabo

Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa Japani kati ya 2000 na 2007, hubeba injini ya EJ20: silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, ujazo wa cc 1,994, pamoja na tabo. WRX ya soko la Japani hutoa nguvu za farasi 250, na toleo lake lenye nguvu zaidi, STI, hutoa 280. Jina lake lilikuzwa Kenya na mbio za magari. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Vijana waliokuwa hawajazaliwa wakati huo wameirithi hamu bila kuirithi gharama yake. Barua hii ni kwa ajili ya mmoja wao, mpwa ambaye tayari amelipa fundi akalikagua gari, na sasa ana ripoti mkononi lakini hajui kama anunue au aache.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo hata WRX za mwisho za kizazi hiki ziliingia nchini hadi mwaka 2015 hivi, na zinazouzwa leo zimepita mikono kadhaa humu humu. Ripoti ya fundi hueleza hali ya gari siku ya ukaguzi tu. Ripoti haiioni mikono hiyo. Kwa magari mengi tofauti kati ya hali ya siku hiyo na historia ya gari si kubwa. Kwa EJ20 ya tabo ndiyo kila kitu, kwa sababu injini hii hufa kutokana na mambo aliyofanya mwenye gari miaka miwili iliyopita.

Jambo la kwanza ni oili. Injini hizi hula oili kidogo hata zikiwa nzima, na tabo hutegemea oili hiyo hiyo. Dereva asiyevuta kijiti cha kupimia kati ya sevisi moja na nyingine huweza kuendesha wiki kadhaa kiwango kikiwa chini, na beringi za krenki huanza kuliwa kimyakimya. La pili ni belti ya taiming, ambayo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, vali na pistoni hugongana na kichwa cha injini huharibika. Muuzaji akisema belti ilibadilishwa na hana risiti, ihesabiwe haijabadilishwa. Huko si kumwita mwongo. Pengine yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na aliyemuuzia.

Sikio nalo lina kazi yake, mradi injini iwe baridi. Mnunuzi hufika asubuhi bila kuchelewa na kuweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimiana sana. Boneti ikiwa na joto, gari limewashwa makusudi, na ukaguzi uahirishwe. Injini baridi ikiwashwa, mlio mwepesi wa kugonga unaosikika dakika chache kisha ukapotea ni pistoni zinazocheza kabla ya kutanuka kwa joto. Subaru nyingi zina sauti hiyo na huishi nayo. Mlio wa kuogopwa ni ule mzito unaotoka chini, unaozidi kadiri oili inavyopata moto na kuwa nyepesi, na unaosikika wazi zaidi mguu unapoachia mafuta. Hizo ni beringi za krenki, na ukaguzi unaishia hapo. Moshi wa samawati baada ya gari kusimama likinguruma kwa muda ni oili inayopita kwenye tabo au kwenye vali. Mapovu yasiyokoma katika chupa ya maji ya radieta injini ikiwa na moto huashiria gasketi ya kichwa.

Ripoti ya mpwa haitaji mlio wowote wa kugonga, na hiyo ni habari njema. Inataja oili inayovuja kwenye vifuniko vya vali, matairi ya nyuma ya aina tofauti na ya mbele, na ile vali ya tabo inayotoa mlio wa “pshh” kila gia inapobadilishwa. Vijana wa Nairobi huupenda sana mlio huo. Kwa injini hii si pambo tupu: hewa iliyokwisha kupimwa na kompyuta hutupwa nje, na kwa muda mfupi injini hupewa petroli nyingi kuliko inavyohitaji hewa iliyopo. Madhara yenyewe ni madogo, lakini vali hiyo huzaa swali kubwa zaidi: ni nini kingine kilichobadilishwa? Ikiwa kompyuta iliprogramiwa upya ili tabo isukume zaidi, nani aliifanya kazi hiyo, na kwa petroli gani? Magari haya yalirekebishwa kwa petroli bora ya Japani, yenye oktani 100 hivi, na super ya vituo vya Kenya haifiki hapo. Petroli ikilipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda yenye shinikizo kubwa, kingo za pistoni zinazoshika ringi hupasuka. Fundi hawezi kuliona hilo kwa macho. Huonekana kwa kupima kompresheni ya silinda zote nne, kazi inayochosha katika injini hii kwa kuwa plagi zimejificha ubavuni karibu na chesisi. Ripoti haina vipimo hivyo. Inaelekea fundi aliviruka.

Matairi yasiyolingana yana uzito kuliko yanavyoonekana. Magurudumu yote manne ya WRX huvuta, na matairi ya mbele na nyuma yakitofautiana mzingo, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika hadi ikachoka. Gari likishapata moto, likizungushwa polepole uwanjani usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, lisirukeruke wala kujikaza. Giaboksi ya gia tano nayo isikilizwe hasa kwenye gia ya tatu.

Bodi ni rahisi kuipima. Boliti za mabawa zenye rangi iliyokwaruzwa zinaonyesha bawa liliwahi kufunguliwa, na nambari ya chesisi lazima ilingane na ya logbuku. Taarifa za gari katika NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zitazamwe kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla ya shilingi yoyote kutoka. Logbuku yenye jina la benki pamoja na la muuzaji maana yake mkopo haujaisha.

Baada ya yote hayo, ripoti isomwe kama orodha ya gharama. Uvujaji wa vifuniko vya vali, seti nzima ya belti pamoja na pampu ya maji, na matairi manne yanayofanana vina bei zinazojulikana, na jumla yake inatolewa kwenye bei ya muuzaji bila haya. Kompresheni haina bei mpaka ipimwe. Gari hili linafaa kununuliwa iwapo muuzaji atakubali lipimwe kwa gharama ya mnunuzi, silinda zote zikakaribiana, na baada ya malipo mpwa akabaki na angalau theluthi ya bei ya gari kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Muuzaji akikataa kipimo, liachwe, hata akipunguza bei; punguzo analolitoa kwa haraka huwa tayari limehesabiwa katika bei aliyoitaja. Na akiba isipotosha, Impreza isiyo na tabo ya miaka ile ile ina sura ileile na haidai hata nusu ya uangalizi huu.

Kununua kukiamuliwa, pesa zipite benki siku ile ile muuzaji anapoanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo, funguo zote mbili zipokelewe pamoja na risiti zilizopo, na gari liende moja kwa moja gereji kubadilishwa oili, chujio na belti kabla halijapelekwa kuonyeshwa kwa marafiki.