Futa Homa

Sikuwa na mpango wa kupimwa na serikali. Mwaka 2022 nilienda zangu Kiomboi kumsalimia mama, siku nne tu, nirudi Dar na kuku wangu wawili na dumu la mafuta ya alizeti. Basi asubuhi ya pili, hodi! Dada mmoja na kishikwambi chake, katokea Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Utafiti wa afya ya nchi nzima, na nyumba yetu imo.

"Mimi mgeni tu," nikamwambia, nikidhani nimechomoka.

"Jana ulilala hapa?"

Kumbe hiyo inatosha. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 akilala ndani, hata awe mgeni, anahojiwa.

Mtoto wa kaka akapimwa urefu, akatobolewa kidole kuangalia damu, akalia mpaka majirani wakachungulia. Mimi nikaitwa chini ya mti, wawili peke yetu. Choo, chandarua, uzazi wa mpango. Nilikuwa najibu huku nacheka. Halafu akasema: "Nitajie watoto wote wa mama yako, walio hai na waliofariki."

Nikafika kwa dada yetu wa kwanza, aliyefariki 1999.

"Alikuwa mjamzito, anajifungua, au ametoka kujifungua?"

"Homa."

Ndivyo tulivyoambiwa, nikiwa na miaka saba. Lakini swali likanikaba. Nikaomba ruhusa, nikaenda jikoni. Mama alikuwa anasonga ugali wa uwele. Hakugeuka.

"Alimwaga damu usiku kucha. Gari halikupatikana. Mtoto naye akaenda. Ulikuwa mdogo, ningekwambia nini?"

Nikarudi chini ya mti. "Dada, futa homa."

Matokeo yalipotoka, vifo vya uzazi vilikuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015-16. Nilifurahi, sikatai. Ila najua sasa hesabu hiyo inapikwaje: wanawake wanaulizwa habari za dada zao. Dada yangu hata hayumo kwenye 104, kwani huhesabiwa vifo vya miaka ya karibuni tu. Swali linaloninyima usingizi ni wangapi walijibu "homa" kama mimi.

Usiku ule mama aliniuliza, "Wamemwandika?"

"Wamemwandika."

Akaniongezea mlenda.