Kelowna: Kulea watoto kati ya ziwa, zabibu na moto

Mzazi, ukiuona mji wa Kelowna kwenye picha za simu, utavutiwa na mambo mawili: ziwa la buluu na mashamba ya mizabibu yaliyojipanga kwenye miteremko. Picha hizo hazidanganyi. Mji huu wa jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, uko kando ya Ziwa Okanagan, lenye urefu wa kilomita 135 hivi. Majira ya joto huwa makavu na ya jua. Shule zikifungwa, watoto hushinda ufukweni, na wazazi hununua cheri na pichi kwa mkulima mwenyewe.

Ndiyo maana watu wanamiminika. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi 222,162 katika Kelowna na miji inayouzunguka, ongezeko la asilimia 14 kwa miaka 5. Hakuna eneo jingine la mji mkubwa Kanada lililokua haraka hivyo kipindi hicho.

Sasa wote hao wajenge wapi? Upande mmoja ni maji. Bondeni kuna matunda na zabibu, na tangu miaka ya 1970 sheria ya jimbo inazuia ardhi ya kilimo kugeuzwa viwanja kiholela. Kwa hiyo katikati ya mji yanainuka maghorofa, na kwingine nyumba zinapanda milima hadi kuupakana msitu wa misonobari. Bei nazo ni kubwa, na kwa familia changa kununua nyumba ni mtihani.

Msitu huo huwaka. Agosti 2003 moto uliteketeza nyumba zaidi ya 200. Agosti 2023 mwingine ulizuka upande wa pili wa ziwa. Upepo ukabeba makaa juu ya maji na kuwasha ng'ambo, maelfu ya familia zikahama. Januari 2024 ikaja baridi kali iliyoharibu mizabibu, na mavuno ya mwaka huo karibu yote yakapotea.

Wazazi wa huko wamejifunza kuishi na hali hiyo. Wakati wa kiangazi wanashauriwa kuweka begi tayari: vyeti vya kuzaliwa, dawa, nguo, na kile kidoli ambacho mtoto halali bila kukikumbatia. Moshi ukitanda, hutazama kwanza kipimo cha hewa kabla ya kumruhusu mtoto kucheza nje.

Ukifikiria kuhamia huko na wanao, usiishie kuuliza kodi na shule. Uliza nyumba iko umbali gani na msitu, mtaa una njia ngapi za kutokea, na bima inalipia nini moto ukija. Kumbuka pia kwamba daraja la kuvuka ziwa ni moja tu. Ukipata majibu, ndipo uwaonyeshe watoto picha za ufukwe.