Gundi Iliyong'ang'ania Magurudumuni

Motokaa nyingi ziingiazo katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam zatoka Japani, nazo zimekwisha kutumika huko miaka kadha wa kadha kabla ya kupakiwa merikebuni. Aghalabu magurudumu yake si ya chuma kitupu kama yale ya zamani, bali ni ya alumini iliyochanganywa na silikoni na madini mengine kidogo. Gurudumu la namna hii ni jepesi na lapendeza macho. Lakini twaona wenye kulimiliki wengi hawajui adabu zake, na hasa hawajui la kufanya linapobaki na gundi nyeusi isiyotaka kutoka.

Gundi hiyo yatoka wapi? Gurudumu pamoja na mpira wake haviwi na uzito ulio sawa pande zote, kwa hivyo fundi huongeza vipande vidogo vya madini, vya gramu 5 au 10 kila kimoja, mpaka lizunguke bila ya kuruka. Katika gurudumu la chuma vipande hivyo hupachikwa ukingoni. Katika la alumini, ili uso wake usipate makovu, hubandikwa upande wa ndani kwa utepe laini wenye gundi pande mbili. Mipira ibadilishwapo, vya kale hung'olewa na utepe hubaki.

Asije msomaji akadhani ya kuwa haya ni mambo ya urembo tu. Safari moja tulikuwa twaenda Malindi pamoja na mama yetu mzee na watoto wetu wawili. Mwendo ulipofika kilomita 90 kwa saa usukani ulianza kututetemekea mikononi, na mama akaanza kusoma dua kwa sauti. Tulisimama kando ya njia. Mipira ilikuwa mizima, na nati zote zimekazwa. Ndani ya gurudumu la mbele ndipo tulipoona: fundi aliyelisawazisha siku tatu kabla alikuwa amebandika vipande vipya juu ya gundi kuukuu, navyo vimebanduka na kwenda zao. Tulifika polepole, lakini tulifika.

Basi vijana wetu, ambao ndio waoshaji wa motokaa majumbani, na wajue kwanza yasiyofaa. Bisibisi, msasa na brashi ya waya havifai hata kidogo. Juu ya alumini mna vanishi isiyo na rangi, nyembamba kuliko unywele. Ikikwaruzwa, hewa yetu ya chumvi hupenya chini yake, na alumini hufanya unga mweupe utambaao kama mchwa chini ya rangi. Magadi makali ya kuzibulia mabomba ni mabaya zaidi, kwani huila alumini yenyewe. Ama petroli, hiyo twaikataza kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na huweza kufika kwenye jiko la makaa lililo mbali kidogo, na hushika moto hata katika baridi ya barafu.

Lifaalo ni hili. Gurudumu lifunguliwe litolewe garini, likiwa limepoa, lioshwe kwa sabuni na maji mpaka vumbi la breki liishe, kwa sababu vumbi hilo lina chembe za chuma nalo hukwaruza kama msasa. Kisha gundi ipashwe moto kwa kitambaa kilichotiwa maji ya moto, au kwa mashine ya kukaushia nywele, kwani gundi hii hulainika kwa joto. Utepe ulio mnene hukatwa kwa mshipi wa kuvulia, ukivutwa huku na huku nyuma yake kama msumeno. Kilichobaki kikwanguliwe kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi yake. Mabaki yapakwe mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa, mahali penye hewa na mbali na moto, yaachwe dakika 10, kisha yasuguliwe kwa kidole gumba. Hupotoka vijinyuzi kama unga wa chapati. Mara nyingi kazi hii hurudiwa mara tatu au nne, na asiye na subira ndiye akimbiliaye bisibisi.

Sababu ya kulitoa gurudumu garini ni breki. Mafuta yakidondokea diski, breki hazishiki. Na yakizama katika pedi, pedi hizo hazina budi kubadilishwa. Hapo hatuoni pa kubahatisha.

Kabla ya kubandika vipande vipya, mahali pale paoshwe tena kwa sabuni, pakaushwe, kisha pafutwe kwa spiriti, kwa maana gundi mpya haishiki penye mafuta. Vile vya kale, vingi vikiwa vya risasi, wasipewe watoto kuchezea wala visiyeyushwe jikoni kufanywa chubwi. Risasi ni sumu, nazo nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuvipiga marufuku mwaka 2005.

Ikiwa baada ya yote hayo yabaki alama hafifu ya manjano isiyoshikika kwa kidole, sisi huiacha. Iko upande wa ndani, na hapana aionaye ila fundi.