Mtoto wa sokomutu ametoka wapi?

Kijana mmoja wa kanisa aliniuliza: «Pasteri, kama wenye elimu wanasema sokomutu anafanana na sisi, tutafanya nini na Mwanzo sura ya 1?» Ni ulizo nzuri. Tusiogope ukweli, maana Mungu aliyeumba sokomutu ndiye aliyetupa akili ya kumchunguza.

Mwaka 1960, kule Gombe, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Jane Goodall aliona sokomutu anatengeneza kijiti cha kuvulia mchwa. Mwaka 2022, wachunguzi walitangaza kwamba kule Gabon sokomutu anakamata kadudu na kukaweka juu ya kidonda, hata kidonda cha mwenzake. Mtoto wake ananyonya miaka 4 ao 5. Gombe, mwaka 1972, mama mmoja waliyemwita Flo alikufa. Mwana wake Flint, mwenye kupita miaka 8, alilegea, akakosa hamu ya chakula, naye akafa mbele mwezi haujatimia.

Sasa tuangalie huku kwetu. Katoto kanakouzwa njiani kametoka wapi? Mama hakukatoa kwa mapenzi. Kwa kawaida wanaua mama kwanza, na mara nyingi wale wanaojaribu kumkinga. Nyama inauzwa, mtoto anafungwa kamba. Pale Lubumbashi, tangu 2006, makimbilio ya J.A.C.K. yanapokea watoto kama hao walionyanganywa wachuuzi. Mwezi wa Septemba 2022, wezi waliingia mule usiku, wakaiba watoto 3, wakadai feza za kuwakomboa. Tazameni fasi tamaa inafikisha watu!

Wengine watasema: «Watu wenyewe wako na njaa, na Pasteri analilia nyama ya pori?» Njaa iko, siidharau. Lakini anayenunua sokomutu kwa kuchezesha watoto nyumbani hana njaa. Ni mwenye feza.

Basi, kijana, sura ya Mungu ndani yetu haipunguki kwa sababu sokomutu ana akili. Inaonekana kwa namna tunavyotawala viumbe tulivyopewa. Mezali 12:10 inahesabu kutunza mnyama kati ya alama za mtu wa haki.

Wazazi, wakiwaletea katoto ka sokomutu, musitoe hata falanga moja, hata kwa huruma. Peleka habari kwa wakubwa wa mazingira. Ukinunua, mwindaji atarudi porini kutafuta mama mwingine.