Jua la Chalinze halijui utanashati

NIANZE kwa kuungama, msomaji wangu. Siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni Morogoro, nilitaka nionekane bishoo. Ilikuwa Jumamosi ya Februari, Dar inachemka tangu asubuhi. Nikavaa fulana nyeusi iliyokatwa mikono na miwani ya jua, nikaipiga kiki pikipiki yangu saa nne. Jaketi? Joto lote lile, jaketi la nini!

Washikaji wa kijiweni walinishauri nipande basi. Tena tangu mwaka 2024 ipo hata treni ya umeme, inakufikisha Moro chini ya saa mbili ukiwa kwenye kiyoyozi. Nikawajibu kilomita 190 na ushee si kitu, upepo wa barabarani unatosha.

Foleni ya Kimara ilinikamua jasho, lakini kutoka Kibaha nilikuwa mfalme. Mlandizi nikayapita madafu bila hata kuyatazama. Chalinze, pale njia ya Tanga inapoachana na ya Moro, nikafika saa sita na nusu. Nikashushia soda moja, nikaona nimemaliza kazi. Nikaondoka.

Mbele ya Chalinze upepo ukageuka, bwana. Ule uliokuwa ukinipoza sasa ulikuwa kama unatoka kwenye tanuri la mikate. Mikono ikaanza kubabuka. Kilichonidanganya ni fulana: ilikuwa kavu, nikadhani sitoki jasho. Nilipofika Bwawani kichwa kilikuwa kinagonga na nasikia baridi. Baridi, jua la utosi! Mstari wa barabara nikauona miwili. Kilichonizindua ni honi ya basi. Nilikuwa upande wake. Nilivyorudi kushoto mpaka leo sijui, ila najua nilichungulia kaburi.

Mikese nikaegesha chini ya mwembe, miguu inatetemeka. Mama mmoja muuza machungwa akanitazama mara moja tu.

"Mwanangu, wewe umepigwa na jua. Kaa chini."

Akanimwagia maji kichwani na shingoni, akalowesha kanga yake akanifunika mabegani, kisha akanipa maji ninywe kidogo kidogo. Pembeni walikuwepo vijana wa bodaboda na majaketi yao mazito. Njia nzima nilikuwa nawacheka watu wa namna hiyo. Mmoja akaniambia, "Kaka, jaketi si la baridi tu. Jaketi ni kivuli unachotembea nacho."

Maneno hayo yana ukweli wa kitaalamu. Ngozi yako ina joto la nyuzi 35 hivi. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo unakupoza. Ikizidi, upepo wenyewe unakupa joto, na kinachobaki kukuokoa ni jasho. Sasa ukiwa mikono wazi kwenye mwendo wa kilomita 80, jasho linakauka kabla hujaliona, maji ya mwili yanakwisha na wewe unajiona mkavu, mambo safi. Jaketi linalala juu ya jasho, linalifanya likauke taratibu, na jua halikugusi.

Kesho yake nilirudi Dar kwa adabu. Nikaondoka saa kumi na mbili alfajiri, milima ya Uluguru bado ina ukungu. Nikaazima jaketi la shemeji la rangi ya kijivu, ndani nikavaa fulana ya pamba niliyoilowesha maji na kuikamua, zipu nikaiacha wazi kidogo shingoni. Wee! Kila upepo ukiingia, baridi kama asubuhi ya Lushoto. Nilisimama Bwawani, Chalinze na Mlandizi, kila kituo nakunywa maji kabla ya kiu na kuilowesha fulana upya. Yale madafu niliyoyadharau nikayanywa mawili.

Nakuachia na hili, linaweza kumwokoa mwenzio. Kichwa kikigonga, kichefuchefu kikaja, au ukasikia baridi juani, usijikaze. Tafuta kivuli, vua jaketi, jimwagie maji. Kwa kunywa, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Bia haisaidii, inakukausha zaidi. Akianza kuongea ovyo au kupoteza fahamu, mpoze kwa maji na mkimbize hospitali. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe kitu.

Ukweni je? Nilifika saa kumi na moja jioni, uso mwekundu, fulana imejaa chumvi ya jasho, kanga ya mama wa Mikese bado shingoni. Utanashati wote kwisha. Mzee alinitazama kwa muda mrefu. Hakuuliza kabila wala kazi. Alimgeukia binti yake akasema, "Mpe maji kwanza, mengine tutaongea akipona."

Tuliongea. Posa imekubaliwa. Ile kanga nimeirudisha Mikese, pamoja na doti mpya.