Mkuyu wa Chunguni

Mti ninaojifunzia bonsai, sanaa ya kuutunza mti ukiwa mdogo chunguni, ni mkuyu, jamii ile ambayo ndege huangusha mbegu zake kwenye nyufa za kuta na mche ukaota bila kuomba ruhusa. Wazoefu huwapendekezea wanaoanza miti ya jamii hiyo kwa kuwa ni mivumilivu: ukate mizizi, itaota mingine, upogoe, utachipua. Uvumilivu huo ndio unaonitia mashaka. Kiumbe kinachostahimili kila unachokitendea hakikuambii mapema kama unakitendea wema.

Maji tu yamenichukua muda mrefu kuyaelewa. Chungu chenye kina cha vidole vitatu hakifuati ratiba ya mtu: wakati wa kaskazi hukauka kabla ya adhuhuri, na masika ikishika, kesho yake bado kimelowa. Kwa hiyo nachomeka kidole. Kikitoka kikavu, namwagilia mpaka maji yachuruzike kwenye matundu ya chini. Udongo wa bustani haufai, maana hushikana na kuinyima mizizi hewa. Natumia kokoto ndogo, matofali yaliyopondwa na vipande vya mkaa, vyote vikiwa vimechekechwa kuondoa vumbi. Kuchekecha nakupenda kuliko kupogoa, na sijajua bado kama huo ni unyenyekevu au ni woga.

Maana kupogoa kuna damu yake. Ukikata tu, utomvu mweupe unajaa kwenye jeraha, unadondoka, unanata vidoleni hadi jioni. Shangazi, ninayeishi naye, alinikuta katika hali hiyo akauliza, "Mwanangu, huo mti umekukosea nini?" Nikamweleza kwamba haufi njaa, unapata mbolea na jua la kutosha, na kwamba udogo wake unatokana na kupunguzwa ncha na mizizi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hata mtoto aliyeshiba anaweza kuwa amenyimwa kitu. Nilinyamaza.

Jijini Washington upo msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa chunguni mwaka 1625. Bomu lilipoangushwa Hiroshima mwaka 1945, ulikuwa nyumbani kwa ukoo wa Yamaki, kama kilomita tatu kutoka pale lilipolipukia, ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, na wahifadhi wa mti huo walikuja kuijua habari ya bomu mwaka 2001, wajukuu wa Masaru walipofika kuuona. Ninapoufikiria, haraka yangu hupungua. Aliyeukata mara ya kwanza alijua, au alipaswa kujua, kwamba umbo analolitafuta atakuja kuliona mtu mwingine. Lakini simjibu Shangazi kwa msonobari huo. Umri mrefu si ushahidi kwamba mti uliridhia.

Kwa sasa kuna tawi la kushoto nililolifunga waya wa alumini ili liiname. Nalikagua mara kwa mara, kwa sababu tawi likinenepa waya hula gome na kovu lake hudumu miaka. Siku nyingine naona limeinama vizuri. Siku nyingine naona lingekuwa zuri zaidi kama nisingeligusa. Mwezi ujao nasafiri kwenda Tanga. Shangazi amekubali kuumwagilia, kidole kwanza, kama nilivyomwonyesha, kwa sharti kwamba waya nifungue kabla sijaondoka na mkasi niende nao.